Mwaka wa Kumngoja Kapita

Watu wakisifia adabu mbele yangu huwa ninanyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza si tabia yangu. Nililelewa Kalemie na baba aliyekuwa na adabu nyingi kuliko pumzi. Mwaka ninaoukumbuka hapa ni wa nyakati za Zaire. Sheria ilimpa baba yangu mwaka mmoja wa kudai haki ya mapafu yake, naye akautumia wote kumngoja mkubwa wake wa kazi atangulie.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alikuwa amefariki zamani. Kaka zangu walipanda treni kwenda Lubumbashi mmoja baada ya mwingine, na salamu zao zilikuwa zikipungua kama treni zenyewe. Mume wangu alivuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitenge, akapata huko sababu ya kutorudi. Nikachukua mashini yangu ya kushona nikarudi kwa baba, na hakuniuliza nitakaa hadi lini. Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, juu ya stesheni, ukuta kwa ukuta na jirani. Lakini majirani wa zamani walikuwa wamekwisha, wengine kwa kufa, wengine kwa kurudi vijijini, na waliohamia walitusalimia huku wakipita. Jioni nyingi hapakuwa na sauti ndani isipokuwa mashini yangu na kikohozi cha baba. Nilikuwa nikishona hata nguo ambazo mwenyewe hakuwa na haraka nazo, ili tu kikohozi kile kisibaki peke yake.

Baba alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika karakana ya meli na treni. Kazi ya ekipe yao, yaani kikundi chao, ilikuwa kuvika mabomba na matangi ya mvuke, ili joto lisipotee. Waliyavika kwa kitu walichokiita pamba ya mawe. Wazungu walikiita amianti. Kilikuja katika magunia, cheupe na laini, wakakichanganya na maji ndani ya pipa, wakakipaka kwa mikono kama watu wanaokandika nyumba. Meli ya zamani ikiingia kutengenezwa, walianza kwa kubomoa pamba iliyokauka, kwa nyundo, ndani ya tumbo la meli mahali pasipo na dirisha. Nikiwa mtoto nilimwona akirudi mweupe hadi kope, mama akimkung'uta mlangoni kwa kitambaa, naye akicheka. Unga ule ndio uliolipa minerval yangu, ada ya shule, hadi nikajua Kifaransa cha kutosha kusoma matangazo ya serikali, kwa hiyo siwezi kuutukana wote.

Ekipe ilikuwa na kapita, yaani msimamizi wao, mtu wa milima ya Moba, mkubwa wa umbo na wa sauti. Nilikuwa nikipeleka chakula pale mchana, ninajua walivyoishi naye. Sinia la bukari, ugali wetu, likiwekwa chini, hakuna mkono ulioingia kabla ya mkono wa kapita. Siku ya mshahara hakuna aliyesogea gisheti, dirisha la malipo, kabla yake, hata kama yeye amechelewa na mstari mzima unanung'unika nyuma. Meli ikikamilika, yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza. Nilidhani ni ukali wake, lakini sivyo. Wenyewe ndio waliopenda iwe hivyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiingia wa kwanza mahali penye hatari, na mtu anayetangulia ndani hatanguliwi nje.

Walipostaafu, kapita alirudi kwao milimani kulima maharage. Wengine walikufa, kila mmoja kwa kikohozi chake, na kila msiba ukapewa jina tofauti: kifua kikuu, tumbaku, uchawi wa shemeji. Mwishoni wakabaki wawili, kapita kule juu na baba kwetu.

Kiangazi kimoja, milima ikiungua na moshi umetanda hadi ziwani, baba alishindwa kupanda mteremko kutoka sokoni. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, samaki wake mkononi, akitabasamu kwa watu wanaopita kana kwamba amekaa pale kwa hiari. Nilimpeleka hospitalini kwa nguvu. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamuuliza amefanya kazi gani, akauliza tena, halafu akatuambia waziwazi: mapafu yameshikwa na vumbi la amianti, yamekuwa magumu, hayatarudi kuwa kama zamani. Akasema pia kwamba ugonjwa wa namna hiyo una haki yake kisheria na tusikawie kwenda kuidai.

Basi tukaenda. Biro, yaani ofisi ya fidia za wafanyakazi, ilikuwa chini karibu na bandari, chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Karani alikuwa kijana wa abakosti safi, ile suti isiyovaliwa tai, na nilijiandaa kugombana naye kabla hajafungua kinywa, maana nilikuwa nimezoea. Hakunipa sababu. Baba alianza kwa kuomba radhi, akasema anajua amechelewa, kazi aliiacha zamani sana.

"Hapana, Papa," karani akasema. "Sheria haihesabu tangu siku uliacha kazi. Inahesabu tangu siku munganga alikuambia ugonjwa umetoka ku kazi. Toka pale uko na mwaka moja. Ile njo delai. Ndani ya mwaka, tunapokea. Mwaka ukipita, hata ukileta mapafu yenyewe hapa ku meza, hatupokei."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Karani akavuta karatasi, akauliza jina la baba, kalamu tayari. Baba akainua mkono kidogo, kama mtu anayekataa kuongezewa mboga.

"Kwanza nikuulize, mutoto wangu. Kapita wetu amekwisha kufika hapa?"

"Kapita gani, Papa?"

Baba akamtaja. Karani akafikiri, akatikisa kichwa. Hajafika.

"Ni vizuri," baba akasema, akainuka. "Akifika, na mimi nitafika. Tunakushukuru."

Tukatoka. Ninaandika hivyo hivyo ilivyokuwa: alikuwa ameketi mbele ya kalamu, akainuka. Njiani nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia baba yake, akaniacha niyamalize yote, maana pia pumzi ya kunikatiza hakuwa nayo. Tulipofika nyumbani ndipo akajibu.

"Mama," akaniita, ndivyo alivyoniita tangu utoto, "njo yeye alinionyesha kuchanganya ule unga. Alishika mikono yangu ndani ya pipa. Leo niende kusema ule unga umeniua, yeye hayuko? Ni kama ninamushitaki ku mugongo."

"Papa, sheria haimujui kapita wako."

"Mimi namujua. Heshima si utumwa."

Nikamwambia subira huvuta heri ni methali ya watu wenye mapafu. Alicheka, akakohoa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ikabaki kumwita kapita. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna kuita, na kuna kuita kwa adabu. Kwetu neno zito halitumwi kwa kinywa cha mwingine. Ukimtumia mkubwa habari ya ugonjwa kwa mpita njia, umemlaani, na umemfanya aipokee mbele za watu asiowachagua. Utamtumia salamu tu, uso kwa uso utasema lililobaki. Kwa hiyo baba alimwita mfanyabiashara mmoja Mubembe aliyekuwa akipakia chumvi na sabuni kwenda Moba, akamkalisha, akampa chai, akamkabidhi ujumbe: "Tunamusalimia sana kapita. Watoto ni wazima. Akipata nafasi, ashuke, kuna maneno kidogo."

Maneno kidogo! Nilimfuata yule mtu hadi bandarini, nikamshika mkono kati ya magunia.

"Mwambie kapita ni haraka. Mwambie ni jambo la kufa na kupona."

Alinitazama kwa huruma. "Mama, Papa yako amesema maneno kidogo. Mimi nitabadilisha namna gani maneno ya muzee?"

Hakuyabadilisha. Kapita alijibu kwa gunia la maharage na salamu ndefu: amesikia, anafurahi, atashuka akimaliza kuvuna. Baba aliyapokea maharage yale kana kwamba kapita mwenyewe ameingia. Mvua zikaanza, zikakolea. Ujumbe wa pili ukaja kwamba kapita amefiwa na mkwe wake, hawezi kuacha kilio. Halafu mazuti, mafuta ya boti, ikakosekana, maboti yakalala majini kando ya bandari, na wafanyabiashara wakacheza karata juu ya mizigo yao. Kila mara baba alisema "hakuna shida," na kila mara alikuwa amepungua kidogo ndani ya shati lake.

Nilisema basi, nitapanda mwenyewe hadi Moba, kwa mguu ikibidi. Baba alikuwa akiota jua barazani. Hakuinua sauti.

"Ukienda kumuita kapita wangu kama muntu anaita mutoto, usirudi huku ku nyumba."

Hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Sikuwa na nyumba nyingine duniani, na sikuwa na mtu mwingine. Nikaingia ndani, nikashona. Siku hizo nilianza kuzungumza na mashini yangu, najua ni wazimu, lakini ilikuwa ikijibu.

Nilirudi kwa karani peke yangu, mara zaidi ya moja. Nadhani alianza kuniogopa. Nilimwomba afungue dosie, faili la madai, bila baba. Akasema haiwezekani, mgonjwa lazima aje kusema kwa kinywa chake. Nilimwuliza kama mwaka unaweza kungoja kidogo.

"Delai haina baba wala mama," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza: "Lakini ukipita, kuna njia moja. Muntu anaweza kuleta sababu ya kuchelewa. Papa yako aje pamoja na huyu kapita, wote wawili waseme hapa kwamba alikuwa anamungojea. Shefu wangu ni muzee, anajua mambo ya heshima. Anaweza kukubali."

Nilikumbatia maneno hayo kama chupa ya maji moto kifuani. Nilimwambia baba usiku ule ule, naye akaitikia tu kwamba amesikia.

Kiangazi kikarudi, na moshi milimani. Siku ya mwisho ya mwaka ule niliijua, na baba aliijua. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lake jeupe na viatu, akaketi kwenye kiti karibu na mlango. Niliacha mashini, nikajifunga kitenge kizuri, nikakaa tayari kusubiri aseme twende. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, lakini sikuthubutu hata kutia uzi kwenye sindano, nisije nikamvuruga. Saa zikapita. Jua likazunguka hadi upande wa pili wa baraza. Tulisikia boti ikipiga honi kwa mbali, akainua kichwa, akakirudisha. Maofisi yalipokwisha kufungwa aliinuka, akavua shati, akalikunja vizuri, akaniuliza kama kuna samaki wa mikebuka waliobaki. Nilimpakulia. Hatukusema chochote kuhusu siku ile, si siku ile wala baadaye, na sijawahi kujisikia mpweke kama nilivyojisikia nikiwa nimeketi naye mezani nikimtenganishia miiba.

Kapita alishuka na mvua za kwanza. Alikuja kwa boti ya mahindi, mkubwa bado, ila nguo zilikuwa zimemwachia nafasi. Sauti ilibaki ile ile. Watoto wa jirani walitoka nje kuangalia ni nani. Na alikuwa akikohoa. Nilipokisikia tu kikohozi kile nilikijua, kama unavyoujua mlio wa mlango wa kwenu. Baba alibadilika usoni. Walishikana mikono hawakuachana, walitajana wafu wao, walicheka mambo ya matangi na mainjinia hadi wote wawili wakapaliwa. Kapita akampigapiga mgongoni.

"Wewe na upepo wa hii ziwa!"

"Ni upepo tu, Kapita," baba akasema.

Nilifungua kinywa. Baba akanituma nikachote maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Kesho yake baba alimwambia, uso kwa uso kama alivyotaka, kwamba hospitali inawatafuta watu wa zamani wa amianti na kwamba iko sheria. Sikuwa na la kufanya ila kungoja. Niliamini zamu ya baba itafika tu. Mimi ndiye niliyemwingiza kapita kwa daktari, baba akabaki nje kwenye benchi. Kapita alisikiliza, akavaa shati lake taratibu, akaniuliza kama daktari ana uhakika. Nikamjibu ndiyo. Sheria ikaanza kumhesabia yeye siku ile ile. Mwaka wake wote ulikuwa mbele.

Asubuhi iliyofuata tulishuka biro, watatu. Nililala macho nikipanga maneno, ingawa si mimi niliyetakiwa kusema. Karani alituona mlangoni, akaniangalia, akaelewa nani ni nani. Alivuta viti. Alimwandika kapita, jina, kijiji, miaka ya kazi, halafu akasema karatasi za kampuni zilipotea katika vurugu za zamani, anahitaji shahidi aliyefanya naye kazi.

"Njo mimi," baba akasema.

Akashuhudia. Sijawahi kumsikia akisema vizuri vile. Alieleza magunia, pipa, nyundo, tumbo la meli, na jinsi kapita alivyoingia wa kwanza kila mara vumbi likiwa zito. Alipumzika kati ya sentensi, kwa ustadi, kana kwamba anatafuta maneno. Kapita alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka, hakuyafuta. Karani akaandika yote, akagonga muhuri. Kisha hakufunga kalamu. Aliiweka juu ya karatasi nyingine, nyeupe.

"Na wewe, Papa?" akauliza polepole. "Ulipumua vumbi moja naye. Hauna neno ya kusema? Hata kama umechelewa, kama kuna sababu, mwenye kuijua sababu iko hapa. Tunaweza kusikia."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilimwangalia baba. Kapita naye akageuka, akamwangalia, kwa mara ya kwanza akiwa na wasiwasi usoni.

"Kuchelewa nini? Na wewe unaumwa, ndugu yangu?"

Baba aliweka mikono magotini. Alivuta pumzi, nikaona shingo yake ikikaza, akaizuia humo ndani.

"Mimi?" akasema. "Mimi niko muzima, Kapita."

Kapita akapumua, akacheka kwa furaha, akampiga begani. "Huyu toka zamani alikuwa na mapafu ya ng'ombe!"

Karani alinitazama. Nilikuwa na neno mdomoni, zima, tayari, na lilikuwa la kweli, ila lingemwambia kapita pia kwamba kumngoja yeye ndiko kulikokula mwaka wa baba. Baba hakunikonyeza wala kunikanya. Aliniangalia tu jinsi alivyowaangalia wapita njia siku ile kwenye jiwe. Nikatazama chini. Karani akairudisha karatasi nyeupe ndani ya mtoto wa meza, akatutakia safari njema.

Tulipanda kuelekea nyumbani. Kapita alikuwa mbele, mwepesi, akisalimia watu. Kwenye ukuta wa ghala la zamani baba alisimama, akashika tofali, akanipungia mkono: nenda naye, usimwache ageuke. Nikaenda. Nyuma yangu kikohozi kilianza, kile alichokuwa amekishikilia tangu biro, na kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Basi nikamshika kapita mkono, nikaanza kusema. Nilimwuliza bei ya maharage kule juu, nilimsimulia ndoa yangu, Kigoma, kaka zangu, mvua, nilicheka mahali pasipochekesha, nikapandisha sauti hadi wanawake waliokuwa wakiuza ndakala, dagaa wetu, kando ya njia wakanishangaa.

"Mutoto wewe," kapita akasema, "leo unasema sana."

Nikamwambia ni furaha ya kumwona, nikazidi kusema.